MAELEZO KWA WASAFIRI WA BARA: WAKATI WA KUKUBALI FIDIA YA AJALI YA GARI

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwenda Nyanda za Juu Kusini kwa shughuli zao, hasa wale wanaofuata mchele wa Kyela na mazao ya Tukuyu, wanaarifiwa kwamba mtu anayeumia katika ajali ya gari huko Bara anayo haki ya kudai fidia kwa mujibu wa sheria za Bara. Haki hiyo hupotea kwa njia mbili khasa. Ya kwanza ni kutia saini ya kumaliza madai mapema, jeraha likiwa bado bichi. Ya pili ni kungoja mpaka muda uliowekwa na sheria ukapita. Maelezo haya yanahusu nafasi iliyopo baina ya makosa mawili hayo, na namna ya kuitumia.

Barabara inayohusika ni ile inayochepuka kutoka barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Uyole, Mbeya, ikapanda Isyonje, ikapita Kiwira na mji wa Tukuyu ambao ndio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kisha ikateremkia Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Sehemu za Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu unaweza kufunga njia hata mchana. Kutoka Tukuyu hadi tambarare za Kyela barabara hushuka kiasi cha mita 1,000, nayo hutumiwa kwa pamoja na malori ya shehena, mabasi madogo na pikipiki za abiria. Mwezi wa Julai 2018 lori lililopoteza breki liligonga magari ya abiria katika mteremko wa Igawilo, karibu na Uyole, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Kwa hiyo jambo linaloelezwa hapa si la nadra kwa mtu anayepita njia hiyo mara kwa mara.

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, kila chombo cha moto kinachotumika barabarani ni lazima kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani mtu anayedhurika kwa matumizi ya chombo hicho. Mdai huwadai dereva na mwenye gari, lakini mlipaji kwa kawaida huwa ni kampuni ya bima. Ieleweke pia kwamba kesi ya jinai anayofunguliwa dereva si kesi ya fidia. Faini anayotozwa dereva huingia Serikalini, na majeruhi hapati chochote kwa sababu hiyo peke yake. Hata hivyo hukumu ya kumtia dereva hatiani ni ushahidi mzito katika madai, na nakala yake itafutwe mapema.

Kuhusu siku za mwanzo, yaliyo muhimu ni machache. Uhai kwanza. Baada ya hapo ipatikane fomu ya polisi nambari 3, maarufu kwa jina la PF3, ijazwe na daktari na nakala yake ihifadhiwe. Zichukuliwe nambari za gari, jina la kampuni ya bima, na majina ya watu wawili watatu walioshuhudia, kwani mashahidi wa njiani hutawanyika siku ile ile. Kumbukumbu za bima za magari zimo katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na mtu anaweza kuhakikisha kama gari lilikuwa na bima hai siku ya ajali badala ya kutegemea maneno ya mwenye gari.

MKONO WA POLE NA FIDIA

Katika vijiji vya Rungwe, kama ilivyo Visiwani, si desturi njema mwenye gari kukaa kimya baada ya ajali. Yeye au ndugu zake hufika hospitali au msibani na fedha kidogo, pengine na chakula. Tendo hilo ni la utu na halina ubaya wowote. Ubaya huingia pale fedha hizo zinapofuatana na karatasi, iliyoandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji au kituoni, isemayo kwamba pande mbili zimesameheana na hakuna atakayemdai mwenzake. Majeruhi amelala, jamaa zake wana haya, na aliyeleta amekuja kwa unyenyekevu. Saini hutiwa kwa sababu ya adabu.

Karatasi hiyo huweza kutolewa baadaye kuwa ni ushahidi kwamba madai yalikwisha. Pasipo kumvunjia mtu heshima, jamaa wanaweza kupokea kilicholetwa na kuandika maneno haya tu: kwamba kiasi fulani kimepokewa kuwa ni mkono wa pole au msaada wa matibabu, na kwamba haki ya kudai fidia inabaki kama ilivyo. Mwenye nia njema hatakataa maneno hayo.

Wapo pia vishoka wanaozunguka wodini wakijitia kuwa mawakili au maofisa wa bima. Hawa hutaka saini ya kuwapa mamlaka ya kupokea fedha kwa niaba ya majeruhi. Asitiwe saini mtu ambaye hajaonyesha kitambulisho na ofisi yake.

HATI YA MALIPO YA MWISHO

Kampuni ya bima inapokubali kulipa, humpa mdai hati ya kukiri malipo. Mara nyingi hati hizo huandikwa kwa Kiingereza. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mdai amepokea kiasi kilichotajwa kuwa ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kutokana na ajali ile, kwa madhara yanayojulikana na yatakayojulikana baadaye. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mdai asiyejua lugha hiyo atafsiriwe neno kwa neno na mtu anayemuamini kabla ya kutia saini au dole gumba, na akipenda aichukue hati akalale nayo. Hakuna sheria inayomlazimisha kutia saini siku aliyoletewa.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mchuuzi wa mchele kutoka Unguja aliyevunjika mfupa wa paja katika basi dogo karibu na Kiwira. Amepokewa Hospitali ya Makandana mjini Tukuyu, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, akatiwa chuma. Mwezi wa pili anaahidiwa Sh. 5,000,000. Hadi siku hiyo ametumia Sh. 1,800,000, na duka lake limefungwa. Fedha hizo zinaonekana nyingi, naye ana deni la mzigo. Anatia saini. Mwezi wa nane picha inayopigwa Unguja inaonyesha kwamba mfupa haukuunga. Inahitajika operesheni ya pili, miezi mingine ya kukaa bila ya kazi, na mwisho wa yote mguu mmoja unabaki mfupi kuliko wa pili. Gharama zimezidi zile milioni tano kabla hata ya kuhesabiwa maumivu na kilema. Hana tena pa kwenda, kwa kuwa alikwisha kumaliza madai yake mwenyewe.

Kosa la mchuuzi huyu si kwamba alikubali suluhu. Suluhu mara nyingi ni bora kuliko kesi. Kosa ni kwamba aliuza kitu ambacho bei yake ilikuwa haijajulikana.

Bei ya jeraha hujulikana pale daktari anapoweza kuandika kwamba hali imetulia: kwamba kilichokuwa cha kupona kimepona, kilichobaki kitabaki, matibabu yajayo ni haya, na ulemavu wa kudumu ni asilimia fulani. Kwa mchubuko au mkono ulioteguka, hayo huweza kujulikana baada ya wiki chache. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na madaktari husubiri zaidi ya hapo kabla ya kusema kwamba umekataa. Jeraha la kichwa ndilo lenye hila kuliko yote. Mtu huondoka hospitali akitembea na kuzungumza, na baada ya miezi jamaa huanza kuona kusahau, hasira zisizokuwa za kawaida, au kifafa. Aliyepoteza fahamu katika ajali asimalize madai yake kabla ya kuangaliwa tena na daktari baada ya kipindi cha kutosha, hata kama yeye mwenyewe anajiona mzima.

Kwa upande wa gharama, mahakama hutofautisha hasara inayohesabika na madhara ya jumla. Madhara ya jumla, kama maumivu na kupungukiwa na raha ya maisha, hukadiriwa na hakimu. Hasara inayohesabika ni lazima itajwe bayana na ithibitishwe, na msimamo huo umo katika uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992. Kwa hiyo risiti za dawa, tiketi za basi za kwenda na kurudi Mbeya, nauli ya boti ya kurejea Unguja, malipo ya mtu aliyemhudumia mgonjwa, na daftari la mauzo ya kabla ya ajali, vyote hivyo ni fedha. Anayerejea Visiwani kuendelea na matibabu aondoke Mbeya na muhtasari wa daktari na picha zake za mifupa, kwani kuzifuata baadaye kutoka Unguja ni safari nyingine.

MIAKA MITATU

Baada ya kusema hayo yote juu ya kutofanya haraka, ni lazima usemwe upande wa pili kwa nguvu ile ile. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, imeweka miaka mitatu ya kufungua shauri la madhara ya namna hii. Hesabu huanza siku ya ajali. Haianzi siku mgonjwa aliporuhusiwa kutoka hospitali, wala siku kesi ya dereva ilipokwisha, wala siku kampuni ya bima ilipoandika barua yake ya mwisho.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mdai huandika barua, hujibiwa kwamba jalada linashughulikiwa, huombwa waraka mmoja, kisha mwingine, na huona kuwa maadamu anajibiwa basi haki yake i hai. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba mazungumzo ya kutafuta suluhu nje ya mahakama hayasimamishi mwendo wa muda. Barua kumi za heshima haziongezi hata siku moja. Waziri mwenye dhamana ya sheria amepewa uwezo wa kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, pale anapoona kuwa ni haki kufanya hivyo, lakini hiyo ni njia ya kuomba na si ya kutegemea.

Kwa mtu aliyeumia vibaya, basi, mwaka wa kwanza ni wa matibabu na kukusanya karatasi. Mara daktari anapoandika kuwa hali imetulia, mdai apeleke madai yake kamili kwa maandishi, yakiwa na kiasi na viambatisho. Ikiwa hadi mwezi wa 24 hakuna ahadi ya maana, aende kwa wakili na maandalizi ya shauri yaanze, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi kwamba shauri linafunguliwa. Kungoja mwezi wa 35 ni kumtafutia wakili lawama. Kama gari lilikuwa la Serikali, hutakiwa notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwenye hadhari atazihesabu siku hizo 90 ndani ya miaka mitatu.

Inafaa ieleweke kwamba kufungua shauri hakufungi mlango wa suluhu. Kinyume chake, taratibu za mashauri ya madai huko Bara zinaweka hatua ya usuluhishi kabla ya ushahidi kusikilizwa, na madai mengi humalizika hapo. Tena makubaliano yanayosajiliwa mahakamani huwa na nguvu ya hukumu, na asiyelipa hukazwa kama aliyeshindwa kesi. Mshitakiwa anayeishi mbali na mahali pa ajali huweza kushitakiwa ama pale ajali ilipotokea ama pale anapokaa, kwa hiari ya mdai. Hilo ni jambo la kumuuliza wakili mapema, kwani kwa mtu wa Unguja kesi ya Dar es Salaam na kesi ya Mbeya si gharama moja.

PALE INAPOFAA KUKUBALI KIDOGO, AU MAPEMA

Si kila ahadi ndogo ni dhuluma. Mahakama huweza kupunguza fidia ya mtu aliyechangia katika kuumia kwake, kwa mfano abiria wa pikipiki asiyevaa kofia, au aliyevuka barabara bila ya kuangalia. Mashahidi wakiwa hawapo na mchoro wa polisi ukionyesha kwamba gari lilikuwa upande wake, suluhu ya nusu ni bora kuliko hukumu ya kushindwa na gharama juu yake. Kadhalika pikipiki isiyokuwa na bima, ambayo mmiliki wake hana mali nyingine, haitatoa milioni hata hakimu akiamuru. Hapo malipo ya mkononi, yaliyoandikwa vizuri, ndiyo yenye maana.

Wafanyabiashara wa mchele na viazi wazingatie jambo moja zaidi. Bima ya lazima inawahusu abiria wa magari ya abiria. Mtu aliyepanda juu ya shehena ya lori, hata kama amemlipa utingo, huenda akakataliwa na kampuni ya bima kwa hoja kwamba lori halikukatiwa bima ya kuchukua abiria. Madai yake dhidi ya mwenye lori yanabaki, lakini nguvu ya mlipaji imepungua, na hesabu ya kukubali au kukataa inabadilika.

Katika kulinganisha, mdai asiangalie kiasi alichoahidiwa na kile anachokitamani. Aangalie kiasi alichoahidiwa na kile ambacho mahakama ingeweza kumpa kwa ushahidi alionao, ukitoa ada ya wakili, safari, na miaka ya kungoja pamoja na rufaa. Wakili wa kweli atampa makadirio hayo. Asiye na uwezo wa kulipa aulizie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mwenye dhiki ya fedha katika kipindi cha matibabu anaweza kuomba malipo ya awali ya gharama za hospitali, ambayo mwenye gari au bima yake huweza kuyatoa kwa hiari. Risiti ya malipo hayo itaje kwamba ni ya matibabu ya tarehe kadhaa hadi kadhaa, na isiwe na neno kamili wala la mwisho.

Kuhusu mtoto, muda wa ukomo hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, na hilo lina hekima yake, kwa kuwa mfupa ulioumia mahali unapokulia huonyesha kilema chake mtoto anaporefuka. Shauri likiwa mahakamani, mzazi au msimamizi hawezi kulimaliza kwa makubaliano bila ya ruhusa ya mahakama. Kwa dereva au utingo aliyeajiriwa Bara na kuumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, una utaratibu wake, na taarifa itolewe ndani ya miezi 12.

Penye kifo, madai ni ya wategemezi, na jamaa mmoja asimalize jambo peke yake akiwa bado kwenye tanga. Ateuliwe kwanza msimamizi wa mirathi na mahakama yenye uwezo. Kampuni ya bima itamtaka yeye, pamoja na cheti cha kifo na ripoti ya uchunguzi wa maiti, kabla ya kutoa chochote.

Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima inayochelewesha au kukataa bila ya sababu hupelekwa TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar na nyingine Mbeya kwa ajili ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mlalamikaji achukue nakala ya PF3, ripoti ya polisi juu ya ajali, ripoti ya daktari, na barua zote alizoandikiana na kampuni. Kupeleka malalamiko huko kusichukuliwe kuwa kunasimamisha ile miaka mitatu.